Mtoto Aliyesikika kwenye Kanda za Chanpheng

Wasikilizaji wapendwa, wa ukingo huu wa mto Mekong na wa ng'ambo, popote sauti yetu inapofika, sogezeni viti. Leo hatupigi nyimbo za mavuno. Leo tunamkumbuka Chanpheng, mshauri nasaha wa hapa kwetu Tha Bo, aliyetuaga Jumanne. Wengi wenu mmewahi kukaa mbele yake. Wengine mliingia kwake mmeshusha kofia hadi puani, mkadhani hatukuwatambua. Tuliwatambua, ila tuliwastahi.

Sitamsifu kupita kiasi, maana marehemu alikuwa hapendi. Nataka kuwasimulia jinsi alivyojifunza kazi yake. Kisa hiki hakijawahi kutolewa hewani, na familia imeniruhusu. Kinaogofya kidogo. Mwenye mtoto mdogo karibu na redio, uamuzi ni wake.

Turudi ile miaka ambayo ugonjwa ulikuwa ukiwamaliza vijana wetu waliorudi kutoka Bangkok. Hospitali zilitafuta watu wa kukaa na wagonjwa na kuwasikiliza. Chanpheng alikuwa mfumaji, mama wa binti mmoja. Alikuwa na kibanda cha vitambaa sokoni, na wateja walimweleza shida zao kabla hata ya kuuliza bei. Basi akachaguliwa. Akaingia mafunzo ya ushauri nasaha chini ya Mwalimu Ratchani, mwanamke mfupi kutoka Khon Kaen, mkavu wa maneno, ambaye sifa kwake zilikuwa haba kama mvua ya kiangazi.

Mwalimu Ratchani alikuwa na sharti moja. Kila mazungumzo na mgonjwa yanaswe kwenye kanda, mgonjwa akikubali. Kisha mwanafunzi na mwalimu wakae waisikilize kanda pamoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Alisema mtu hawezi kumsikiliza mwingine kama hajawahi kujisikiliza mwenyewe.

Kanda ya kwanza ya Chanpheng ilikuwa ya mjane kijana. Mjane alieleza habari za mumewe, akafika pagumu, akaanza kulia. Na hapo, chini ya kile kilio, ikasikika sauti nyingine. Mtu alikuwa akiimba kwa pua, polepole, wimbo mmoja mfupi, akiurudia. Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike.

Mwalimu alisimamisha kanda, akauliza ni nani aliyeingia na mtoto. Chanpheng alisema hakuna mtoto aliyeingia. Walikuwa wawili tu, na mlango ulifungwa.

Walidhani ni mtoto wa jirani. Wakahamia chumba cha nyuma. Ikasikika. Wakadhani ni kanda kuukuu iliyonaswa juu ya nyingine. Mwalimu akafungua kanda mpya kwa mkono wake. Ikasikika tena. Na nirudie hili, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu ndilo kiini: sauti ile haikuja wakati wowote. Ilikuja mtu anapolia. Pasipo kilio, kanda ilikuwa safi.

Mwanafunzi mwenzake, Prasong, aliyewahi kuvaa joho la utawa na ambaye mpaka leo hawezi kumaliza sentensi bila utani, alimwambia: "Dada Chanpheng, huyo mwanao mwandikishe naye asome rasmi, maana kazi anaifanya kukushinda." Darasa likacheka. Chanpheng naye akacheka. Prasong ameniambia kwamba siku hiyo yeye mwenyewe alirudi kwake na hakutaka kukaa chumba kimoja na kinasa sauti chake.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo lililomtia Mwalimu wasiwasi. Kila aliyelia mbele ya Chanpheng alinyamaza. Alinyamaza ghafla, machozi yangali mashavuni, akafuta uso, akashukuru, akaaga kwa adabu. Na hakurudi. Mzee mmoja tu, aliyekuwa amezika watoto wake wote, alisita mlangoni akauliza: "Yule mtoto, mbona ananinyamazisha? Nimemkosea nini?"

Mwalimu Ratchani akaamua kukaa mwenyewe kwenye kona ya chumba. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa dirishani, mwanga wa kutosha kuhesabu mchwa ukutani. Mgonjwa alipoanza kulia, Mwalimu alimtazama Chanpheng. Midomo yake ilikuwa imefumbwa. Koo lilikuwa likicheza. Na mikono yake ilikwenda nyuma, ikashikana chini ya kiuno, akaanza kuyumba taratibu, kushoto na kulia, namna mtu anavyoyumba akiwa amembeba mtoto mgongoni.

Mgonjwa alipoondoka, Mwalimu alimweleza alichokiona. Chanpheng hakukumbuka kitu. Mwalimu akamwambia maneno ambayo Chanpheng aliyarudia kwa wanafunzi wake maisha yake yote: "Siwezi kukukabidhi watu wenye maumivu wakati sijui ni nani anayewapokea. Nenda kamtafute huyo mtoto. Mvua zikiisha hujampata, rudi kwenye vitambaa vyako."

Basi hapo ndipo alipokuwa. Kazi aliyoitaka kuliko yote ilikuwa inamponyoka, na anayemnyang'anya alikuwa ndani ya koo lake mwenyewe.

Alichukua kanda, akaenda nyumbani kwa mama yake, Mama Bunthan. Alimkuta anatwanga papai bichi kinuni. Akaweka kinasa sauti juu ya mkeka, akabonyeza. Mjane akalia, na sauti ya mtoto ikaanza. Mchi ukasimama. Mama Bunthan hakuuliza hiyo ni kanda ya nini. Aliuliza, "Umempata wapi?"

"Nani, Mama?"

"Huyu ni wewe. Hii ni sauti yako ya utotoni."

Wasikilizaji wapendwa, Chanpheng hakuzaliwa upande huu. Alizaliwa ng'ambo, na alivushwa mto akiwa na miaka minane, katika ile miaka ambayo watu walivuka kwa kujificha. Alikuwa na mdogo wake mchanga, Kaeo. Siku zote aliamini kwamba Kaeo alikufa kwa homa kwenye kambi ya wakimbizi. Ndivyo alivyoambiwa. Sasa mama yake akamsimulia upya, huku akiwa bado ameushika mchi.

"Tulivuka tumeshikilia migomba iliyofungwa pamoja. Mimi nilikuwa nasukuma kwa miguu. Kaeo alikuwa mgongoni kwako, nimemfunga kwa mbeleko. Nilikuwa nimempa kasumba kidogo alale. Akaamka, akalia. Boti ya askari ilikuwa inakuja. Nikampa nyingine. Nikakwambia, mwanangu, mnyamazishe mdogo wako, watatusikia. Ukaanza kumwimbia kwa pua. Tulipofika huku kwenye matete nikafungua mbeleko. Alikuwa amepoa. Alikuwa amenyamaza tangu katikati ya mto. Wewe ndiye hukunyamaza. Nilikuwa namfukia kwa mikono yangu, na wewe umesimama pale, mikono nyuma, bado unamwimbia."

Chanpheng alimuuliza kwa nini alimdanganya. Mama yake alisema hakumdanganya yeye. Alijidanganya mwenyewe, naye mtoto akasikia, akaamini. Mficha ugonjwa, kilio humfichua. Lakini Mama Bunthan hakuwahi kulia. Kijijini watu walimsifu kwa hilo. Mwanamke wa chuma, walisema. Hawakujua kwamba kwenda sokoni alikuwa anazunguka njia ndefu ili asipite kwenye matete yale.

Mnajua wenyewe, sina haja ya kuwafundisha, kwamba mtu akishtuka sana, kipande cha roho yake hubaki palepale pa mshtuko. Mwili hurudi nyumbani, hula, hukua, huolewa. Kile kipande hubaki kikisubiri kuitwa. Mama Bunthan alijua hivyo siku zote, ila kumwita mtoto kungemlazimu kusema ni wapi alikomwacha.

Kesho yake mchana walikwenda wawili. Mama alibeba wavu wa kuchotea samaki, yai la kuchemsha, wali wa kunata na shati la Chanpheng. Walisimama kando ya matete. Hapakuwa na upepo. Mama akapitisha wavu hewani juu ya matete, akiita: "Njoo, roho ya mwanangu. Usikae kwenye maji. Usikae kwenye matope. Boti imeshapita. Njoo nyumbani, wali ni wa moto." Aliita na kuchota, akaita na kuchota, mpaka mkono ulipomwelemea. Akaufunga mdomo wa wavu kwa shati, wakaanza kurudi bila kugeuka nyuma.

Chanpheng alitembea nyuma ya mama yake. Alimwona akihamisha wavu kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kama aliyebeba mzigo. Kisha akaona matone njiani, kwenye vumbi, yanafuatana. Wavu ule haukuwa umegusa maji.

Walipofika kwenye ngazi ya nyumba, mama akauliza kama desturi inavyotaka, "Amekuja?" Aliyemo ndani anatakiwa ajibu, "Amekuja." Aliyekuwa ndani ni Lamduan, binti wa Chanpheng, bado mdogo, aliyefundishwa jibu hilo asubuhi. Hakuna aliyemwambia habari za mto, wala za Kaeo. Lamduan akatokea mlangoni, akawatazama, akatazama nyuma yao.

"Amekuja," akasema. "Amembeba mtoto."

Nimemuuliza Lamduan juzi kama anakumbuka. Amesema, "Mimi kusema sikumbuki, Kaka. Nakumbuka miguu yake tu. Ilikuwa na tope."

Mama Bunthan aliketi kwenye ngazi ya chini akalia. Alilia kwa sauti ambayo majirani hawakujua kwamba anayo. Na hapo Chanpheng akahisi koo lake linaanza kucheza. Akahisi mikono yake inakwenda nyuma. Safari hii aliihisi. Kila kitu ndani yake kilitaka kumnyamazisha mama yake, haraka, kabla hawajasikiwa. Lamduan anasema mama yake alimwambia ukubwani kwamba katika kazi zote alizowahi kufanya, hakuna iliyomgharimu nguvu kama kuirudisha ile mikono mbele na kuiweka juu ya magoti. Akairudisha. Akaketi kando ya mama yake, akafunga mdomo, akamwacha alie. Jua likazunguka upande wa pili wa nyumba, bado analia. Majirani walichungulia, wakaondoka. Wali uliharibika ukapikwa mwingine.

Wiki iliyofuata alipeleka kanda mpya kwa Mwalimu Ratchani. Mgonjwa alikuwa dereva wa lori, na alilia sana. Kwenye kanda kulikuwa na kilio chake na mlio wa feni. Basi. Alilia mpaka akamaliza, akapenga kamasi, kisha akaanza kusema yale aliyokuwa hajamwambia mtu yeyote. Mwalimu alisikiliza mpaka kanda ikajizima.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Yuko nyumbani," Chanpheng akajibu. "Amechoka, analala."

Mwalimu akaitoa kanda. Akampitisha.

Na hivyo ndivyo tulivyompata, wasikilizaji wapendwa. Ndiye Chanpheng aliyekaa nasi miaka yote ile, hospitalini, kwenye ukumbi wa hekalu, hata chini ya nyumba za watu, kivulini kati ya nguzo. Hakuwa fundi wa maneno. Mimi mwenyewe ninayeishi kwa kusema nilikuwa nikimshangaa. Alikaa tu, mikono magotini, na mtu akilia alimwambia, "Lia, hakuna anayetufukuza." Lamduan anasema nyumbani kwao neno moja lilikuwa mwiko. Huruhusiwi kumwambia mtoto anyamaze. Unaweza kumbeba, unaweza kumpa maji, unaweza kumuuliza. Kumnyamazisha, hapana.

Jana nilikuwa kwenye msiba. Mnajua kwetu nyumba ya msiba tunaiita nyumba njema. Karata zilichezwa, utani ulipigwa, Prasong alitania mpaka vikombe vikamwagika. Kulia hatulii, machozi humlemea marehemu asiondoke. Mama Bunthan, ambaye sasa ni bibi kikongwe, alikuwa ameketi karibu na jeneza la mwanawe. Kukawa na mtoto mchanga wa jirani. Akaanza kulia kwa nguvu, na mama yake, kwa aibu, akamziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Mama Bunthan akainua mkono. "Mwache," akasema. "Hapa hakuna askari anayepita." Kisha yeye mwenyewe akaanza kulia. Lamduan akafuata. Karata zikawekwa chini. Nyumba njema nzima ililia, na sijui kama marehemu alilemewa. Mimi sidhani.

Kwa Mama Bunthan, kwa Lamduan na mumewe, na kwa ndugu wote walio ng'ambo, redio hii inawapa pole. Msiba wenu ni wetu.

Nanyi mnaonisikiliza, kila mmoja ajiulize polepole: ni kilio cha nani nimekinyamazisha, na nilikuwa namwogopa nani? Desturi ya redio ni kumheshimu marehemu kwa dakika moja ya kimya. Familia imetuomba tusifanye hivyo. Basi kipaza sauti nakiacha wazi, na simu ya studio iko wazi. Mwenye kilio chake, apige alie. Mimi nipo, nasikiliza.