Chupa Ambayo Haikupungua

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Bwana Lawrence Wabwire. Mwalimu Mkuu wetu, Mama Eseza. Mwalimu Otiende, uliyetufundisha kemia na leo umevuka mpaka wa Busia kwa basi la alfajiri ili uwe nasi. Wazazi wa Mpumudde, Walukuba na mliotoka mbali zaidi. Wanafunzi mliosimama juani kwa sababu viti tumevikalia sisi. Na wenzangu wa kidato cha tatu cha mwaka sabini na tisa, mnaojifanya hamjanenepa: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Naitwa Brigid Nafuna. Ni muuguzi katika gereza kule Mbale, kazi niliyoifanya kwa miaka kumi na moja. Nimepewa dakika kumi na tano kabla utepe wa maabara hii mpya haujakatwa, nieleze jinsi darasa letu lilivyoishi wakati wa vita. Najua kwamba tangu mlipokaa mnalitazama beseni hili la maji hapa mbele yangu na kunong'onezana ni la nini. Endeleeni kujiuliza. Jengo hili limejengwa kwa kazi hiyo hiyo.

Wengine mmeshangaa kunisikia nikizungumza Kiswahili. Kwa wengi wetu lugha hii bado inanuka buti na vizuizi vya barabarani, na sitawalaumu. Lakini ndiyo lugha ya kazi yangu, Mwalimu Otiende anaielewa vizuri kuliko mimi, na yuko mtu mwingine hapa, safu ya tatu karibu na nguzo ya hema, ambaye hajui Kisoga wala Kigisu. Leo sitaki apitwe na neno hata moja.

Wanafunzi, mnajua vita vilituondolea nini kwanza? Mtafikiri ni chakula. Hapana, ilikuwa sabuni. Mwishoni mwa mwaka sabini na nane sabuni ilitoweka madukani Jinja kama haikuwahi kutengenezwa. Tulifua kwa majani ya mpapai, tukaoga kwa maji matupu, na kufikia Januari bweni la kidato cha kwanza lilikuwa na upele hadi watoto walilala wamefungwa vitambaa mikononi wasijikune. Wazazi wakaanza kuwachukua. Ikasemekana shule itafungwa, na nani angejua itafunguliwa lini, na sisi tungefanya mtihani wapi?

Wakati huo Mwalimu Otiende alikuwa ameshaitwa na serikali yake arudi Kenya. Siku ya kuondoka alinipa ufunguo wa maabara, kwa sababu nilikuwa kiranja wa maabara, pamoja na maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo. Alisema: "Nafuna, pima kila kitu, andika kila kitu, na usilolijua andika hujui." Mwalimu, naona unacheka. Subiri kidogo, maana nusu ya agizo lako sikulitii.

Aliyepata wazo la sabuni ni Mheshimiwa Mwenyekiti. Lawrence alikuwa kichwa cha darasa na hakutuacha tusahau. Alisoma kitabuni kwamba mafuta yakichanganywa na kostiki, ile dawa kali yenye kuchoma ngozi, hugeuka sabuni. Mafuta tulipata: wenzetu wa Mbale walileta ya mbegu za pamba, na jikoni tuliomba shahamu. Kostiki ilikuwa chupa moja tu ya kioo cha rangi ya kahawia, iko kabatini, gramu mia nne na kidogo. Tukapika siku ya Alhamisi katika sufuria ya kukaangia kabeji, tukamimina kwenye droo za meza ya Mwalimu tulizozitandika magazeti, tukakata kwa waya. Ilitoka nyeusi-nyeusi, inanuka ng'ombe. Tuliiita Tofali. Tofali moja lilikuwa la watu wanne kwa wiki, na niwaambieni, sijapata kuona watu wakigombania kitu kibaya namna ile.

Sasa sikilizeni jambo lililonishangaza. Jumamosi, kama nilivyoagizwa, nilipima chupa. Tulikuwa tumetumia karibu yote Alhamisi. Mizani ikaniambia: gramu mia nne na kidogo. Nikapima tena. Ile ile! Alhamisi iliyofuata tukapika, Jumamosi nikapima, chupa imejaa. Wiki nane, jamani. Tungefanya nini? Wenzetu waliokuwa wakisali kila asubuhi walisema ni jibu la sala. Lawrence alisema kostiki hunyonya unyevu wa hewa na ndiyo maana uzito hauanguki. Alilisema kwa Kiingereza kirefu, hatukuthubutu kubisha. Ni kweli inanyonya unyevu, Mheshimiwa. Lakini unyevu haupiki sabuni.

Mimi niliandika daftarini: "Wiki ya tatu. Ilikuwa vidonge, sasa ni vipande bapa." Niliona. Mimi niliyeitwa Bi Kwa Nini na darasa zima, niliona, nikaandika, nikafunga daftari nikaenda kuoga na Tofali langu.

Katika darasa letu alikuwepo Taban. Baba yake alikuwa sajenti kambini hapa Jinja, watu wa West Nile, kwao rais wa wakati ule. Mnakumbuka, wenzangu, tulivyoishi naye? Hakuna aliyempiga. Hakuna aliyemtukana. Tulinyamaza tu alipoingia. Ijumaa alasiri aliruhusiwa kwenda kwa wazazi, na jioni alirudi, na kila Ijumaa aliomba zamu ya kufagia maabara. Nilimpa ufunguo. Nani anapenda kufagia? Katika maswali yote niliyouliza mwaka ule, hilo sikuliuliza.

Tena mikono yake ilianza kubabuka. Ngozi ilitoka vipande, nyekundu chini. Tukasema ana upele mbaya kuliko wa watoto wote, tukamtengea beseni lake. La bati, lenye tundu lililozibwa kwa lami. Sisi tulinawa pamoja kwenye beseni kubwa, yeye alinawa peke yake kwenye ukuta wa choo, na sabuni yake alikatiwa ya pembeni. Nani alilipaka lile beseni alama nyekundu? Ni mimi. Nilikuwa kiranja, nilitaka kuwa muuguzi, nikaona nafanya kazi nzuri.

Aprili ikafika. Kampala ilipoangukia mikononi mwa upande mwingine, familia za askari zilianza kuondoka Jinja kwa kila kilichokuwa na magurudumu. Alhamisi Taban alikoroga sufuria pamoja nasi. Ijumaa asubuhi hakuonekana. Jumamosi nikapima chupa, na kwa mara ya kwanza chupa ilikuwa tupu.

Nyinyi mngefikiri nini? Mtoto wa askari ameondoka, kostiki imeondoka. Darasa zima lilisema kwa sauti moja. Lawrence akasema kumbe hata kostiki ya Alhamisi atakuwa ameipunguza, sabuni haitaganda. Tukaimwaga chooni yote, droo nne, kwa hasira. Nami nikafungua kitabu cha vifaa vya maabara, hiki hapa, Mama Eseza amenikubalia nikilete, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Kostiki, chupa moja. Imeibwa na Taban."

Miaka kumi na minane mstari huo umekaa humu, na haukukaa bure. Mwaka themanini na moja Taban aliandika kutoka Arua kuomba barua ya shule ili aingie chuo cha ufundi. Ofisi ikafungua kitabu, ikamjibu kwamba mwanafunzi aliyeondoka na mali ya maabara hapewi barua. Nakala ya jibu hilo nimeisoma mwezi uliopita. Ni mistari miwili tu. Nililia ofisini kwa Mama Eseza mpaka akafunga mlango.

Nilijuaje ukweli? Kwa udadisi wangu huu huu, uliochelewa. Mwaka jana nilikuwa nikimfunga jeraha mzee mmoja, Mzee Adrisi, aliyekuja kumtembelea mwanawe gerezani akaanguka langoni. Nikaona makovu mikononi mwake, meupe, ya duara. Mimi ninalo moja kama hayo hapa kwenye kifundo. Nikamuuliza, "Mzee, wewe umechomwa na kostiki?"

Akacheka. "Sista, hiyo ya zamani. Mimi nilikuwa dobi ya kambi, Jinja. Kostiki ilikuwa tele, ya kufulia magwanda."

Nikauliza kama aliwahi kumwona mwanafunzi wa shule yetu. Akaniambia, na namnukuu kama alivyosema: "Iko kijana moja ya sajenti, alikuwa nakuja kila Ijumaa. Anafua magwanda ishirini na mikono yake, mimi napatia yeye kopo moja ya kostiki. Nikauliza ya nini? Anasema, ya shule. Nikasema, basi ambia walimu walete barua. Akasema hapana mzee, wakijua inatoka kambini hawatashika."

Hawatashika. Alitujua vizuri kuliko tulivyojijua.

Basi ona, Mwalimu Otiende, jinsi wanafunzi wako walivyofanya kazi. Tulipima sawasawa. Chupa ilikuwa tupu kweli, na Taban alikuwa ameondoka kweli. Ila chupa haikuwa tupu kwa sababu alichukua. Ilikuwa tupu kwa sababu hakuwepo wa kuijaza. Uliniambia nisilolijua niandike sijui. Neno moja, herufi tano, na lingemwezesha mtu kwenda chuoni.

Na kuna jambo baya zaidi, ambalo hata wenzangu hamlijui. Siku tulipomwaga ile sabuni ya mwisho, nilikata kipande kwa siri nikakiweka kwenye kopo la majani ya chai, nione kitakuwaje. Udadisi tu. Baada ya wiki nikafungua kopo. Nilijua nilichokiona, na nikajua hakikai sawa na mstari nilioandika. Lakini darasa lilikuwa limeshasema, vita vilikuwa mlangoni, na mtu mwenyewe hayupo. Nikafunga kopo. Nimelibeba kopo hilo kila nilipohamia, na mume wangu ameniuliza mara nyingi ni la nini.

Mzee Adrisi ndiye aliyeniambia Taban yuko wapi. Mnajua ni wapi? Nkoma, Mbale, mitaa miwili kutoka nyumbani kwangu. Ni fundi wa redio. Redio yangu ameitengeneza mara mbili! Amefuga ndevu, mimi sikumtambua. Yeye alinitambua siku ya kwanza. Nilipokwenda kumuuliza kwa nini hakusema, alijibu huku ameshika bisibisi: "Niliogopa utaniuliza kostiki iko wapi."

Nikamwomba msamaha pale pale dukani, wateja wakitazama. Sijui kama alinisikia. Aliweka bisibisi chini, akaniuliza swali moja, la mtu aliyelibeba kwa muda mrefu: "Nafuna, ile sufuria ya mwisho, iliganda?"

Nikamwambia, njoo Jinja siku ya kufungua maabara, utajibiwa mbele ya watu waliokusema. Alikataa mara tatu. Jana jioni alinitumia ujumbe kwa kijana wa boda boda kwamba atakuja, lakini atakaa nyuma. Safu ya tatu si nyuma sana, Taban. Ahsante.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tumesoma dawati moja na sitakuficha: nusu ya kosa ni letu sisi wawili. Naomba mambo mawili. La kwanza, mstari huu ufutwe leo, na mahali pake paandikwe: "Kostiki, chupa nane. Imeletwa na Taban." La pili, barua aliyoiomba mwaka themanini na moja iandikwe, hata kama sasa ana mvi, kwa sababu aliiomba. Namwona Mwenyekiti ameshatoa kalamu mfukoni. Nakushukuru, Lawrence. Hilo nalo ni jambo la kichwa cha darasa.

Wanafunzi, mtaingia humu kesho mkute mizani mipya isiyodanganya. Sisi pia mizani yetu haikudanganya. Mkimwona mwenzenu anapenda sana kufagia, muulizeni kwa nini, na mngoje ajibu.

Nimezidisha dakika, nawashukuru kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Wengine wote bakini mlipo. Taban, wewe njoo hapa mbele. Hili beseni ni moja, halina alama, na nitanawa pamoja nawe. Kopo ndilo hili, lifungue mwenyewe.

Gusa.

Iliganda, Taban. Iliganda wiki ile ile. Lete mikono, tuone kama bado inatoa povu.