Bogna Sulimierska na Kitabu Alichoibiwa

Marehemu Bogna Sulimierska alizaliwa Sandomierz tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili wa Hieronim, fundi wa kujalidi vitabu, na Apolonia. Kilatini alifundishwa na paroko, ambaye alilalamika kwamba binti huyu hakubali kukosolewa mpaka aonyeshwe ukurasa.

Alihitimu falsafa mwaka 1964. Miaka mitatu baadaye aliolewa na Ksawery, dereva wa tramu, mpishi hodari wa supu ya biti, ile mboga nyekundu.

Mwaka 1974, katika maktaba ya watawa, Bogna aligundua mswada wa karne ya kumi na nne. Humo mtawa asiyejulikana jina aliuliza: je, Mungu anaweza kulifanya lililotokea liwe halikutokea? Akajibu: kusamehe anaweza, kufuta hawezi. Bogna aliunakili kwa mkono, miaka minne. Alipohisi droo yake inapekuliwa, alichomeka katika nakala yake sentensi moja ya kubuni, mtawa akishukuru kwa supu ya biti.

Mwaka 1979 mkuu wake wa idara chuoni, Profesa Zenobiusz Krupka, aliichapisha nakala hiyo kuwa kitabu, kwa jina lake mwenyewe. Bogna alipolalamika, alifukuzwa. Kwa miaka kumi na sita aliwafundisha wanafunzi wa uuguzi majina ya mifupa kwa Kilatini. Hakulia mbele ya mtu. Alisubiri Krupka apande mpaka juu kabisa.

Tarehe 9 Juni 1995 Krupka aliandaliwa sherehe ya kuagwa akistaafu. Bogna aliingia bila kualikwa, na picha ya ukurasa halisi mkononi. Alimwomba aonyeshe supu iko mstari gani, maana katika kitabu Krupka alikuwa ameieleza kwa kurasa nne kama fumbo la damu ya Kristo. Krupka alitafuta, hakuiona. Ukumbi mzima ulimngoja. Bogna alisema ile ndiyo siku aliyokula keki ikamkolea.

Januari 2009 Bogna aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Krupka alimfuata hospitali na maua, akasema, "Bogna, tufanye kama hayakutokea."

"Uliniibia kitabu, Zenobiusz," alimjibu, "na hata hukukisoma."

Alifariki tarehe 2 Mei, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Ameacha mume, Ksawery, binti, Kinga, wajukuu, Olga na Tymon, na dada yake, Felicja. Profesa Krupka aliomba kuhutubia hapa kaburini. Familia imekataa.

Pumzika, mama. Kwenye jalada jipya la kitabu chako lipo jina lako peke yake.