Didas Mrope na Gari Lililopanda Pugu

Baba Padri, wazee wetu wa Temeke, ndugu zetu wa jamati ya Mzee Pyarali mliotoka mjini, majirani na wote mliokuja kutusitiri, mimi niliyesimama mbele yenu ni Gregori Albano Mrope, karani wa bandari, kaka yake marehemu wa tumbo moja, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, maana maisha ya Didas siwezi kuyakimbiza kama ninavyosoma orodha ya mizigo gatini, na kuna jambo humu ndani ambalo lazima nilitoe kwa kinywa changu leo, mbele ya jeneza lake.

Marehemu Didas Albano Mrope alizaliwa tarehe 12 Machi 1911, kijijini Chiwata, wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Albano, mchonga vinyago, na Mama Rosalia, akashikishwa patasi kabla ya kushikishwa jembe, akafundishwa na baba yetu kupapasa mti kwa kiganja ili ajue wapi pameinuka na wapi pamebonyea, kwani baba hakuwa mtu wa kuamini macho.

Alisoma shule ya misheni Ndanda kuanzia mwaka 1921 hadi 1925 na kuishia darasa la nne, na tusidanganyane, hakuishia pale kwa uzito wa kichwa, ila wazazi waliweza kumwendeleza mtoto mmoja tu, na huyo mmoja nikawa mie.

Mwaka 1928 alinifuata Dar es Salaam, akawa utingo wa lori la mkonge kwa miaka sita, na tarehe 2 Julai 1934 akaajiriwa katika gereji ya Mzee Pyarali, Barabara ya Pugu, ambako alifanya kazi hadi maradhi yalipomwangusha, isipokuwa ile miaka ya vita, 1940 hadi 1945, alipokuwa karakana ya jeshi Nairobi. Huko ndiko alikojifunza kwamba injini ni kama mtu anayepanda mlima na gunia, ukitaka aongeze nguvu usimchape, mfungulie kifua apumue.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Aprili 1936, na Yustina, huyu shemeji yangu mnayemwona, wakajaliwa watoto watatu, Fransis, Anastasia na Gozbert, na Yustina atanisamehe nikisema kwamba mume alikuwa mmoja lakini wake walikuwa wawili, yeye na injini, na siku nyingine mke mdogo ndiye aliyekula chakula cha moto.

Sasa nifike mwaka 1953. Noorali, mtoto wa Mzee Pyarali, yule pale aliyevaa koti jeusi, alinunua kigari chekundu cha michezo, cha viti viwili, kutoka kwa ofisa Mwingereza aliyekuwa anarudi kwao, akataka kushindana katika mbio za kupanda kilima cha Pugu, na fundi mkuu wa gereji moja kubwa ya mjini, Mzungu ambaye sitamtaja, akacheka mbele za watu, akasema gari lile lina nguvu za farasi hamsini na nne, hazitaongezeka hata punda mmoja, na kama yule Mmakonde wa Pyarali ataziongeza, yeye atavua ovaroli yake amvishe. Didas aliposimuliwa alinawa mikono akaenda kulitazama gari.

Jamani, nguvu za farasi hatukuwa na chombo cha kuzipimia, kwa hiyo Noorali akaendesha, Didas akakaa kando na saa yangu ya mkononi, mapajani amepakata gunia la mahindi, lile lile kila walipojaribu, ili uzito usibadilike, wakapanda Pugu kwa dakika tatu na nukta thelathini na moja, na hiyo ndiyo ikawa mizani yetu. Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa injini, alifungua breki zote nne akazitengeneza upya, Noorali akalalamika kwamba yeye anataka kwenda, hataki kusimama, Didas akamwambia mwenye haraka ya kufa aende na gari la mwingine.

Halafu akafungua injini. Matundu ya kupitishia hewa aliyalainisha kwa patasi ndogo za marehemu baba, kabureta zote mbili akazifungua midomo, ekzosi akaiunda mpya kwa mabomba manene, na silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini, akataka kukipunguza unene ili petroli ibanwe zaidi kabla ya kulipuka. Mashine ya kukipunguza ilikuwa kwenye gereji ya yule Mzungu, wakanyimwa. Basi Didas akapaka masizi ya taa na mafuta juu ya kioo kinene, akakilaza kifuniko juu yake, kila palipodaka weusi ndipo palipoinuka, akapaparua hapo, akalaza tena, wiki tatu nzima, kwa mkono.

Na hapo ndipo mchonga vinyago alipomponza fundi. Mchongaji akiona sura imekaribia kutoka huwa hawezi kuacha, atataka kutoa unyoya mmoja zaidi, na Didas akapaparua ule unyoya mmoja zaidi, injini ilipowashwa ikagonga, valvu zinafika kwenye pistoni, zimebaki siku kumi na moja mashindano yafike, na chuma ukishakitoa hukirudishi. Nilimkuta amekaa chini, mikono magotini, nikamwambia aache, asije akamwaibisha Mzee Pyarali, akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake, akaniambia niende nikaandike meli zangu.

Aliyemwokoa ni Mama Shahbanu, mkewe Mzee Pyarali, mama aliyelichukia lile gari tangu siku ya kwanza, ambaye alipoambiwa kwamba kinachotakiwa ni bapa la shaba nyekundu la kuweka kati ya injini na kifuniko ili kuziba ule upungufu, na kwamba mjini halipatikani, aliingia ndani akatoka na sinia la harusi yake, akalipiga chini kwa hasira, akasema haya, kateni, lakini mkishindwa msile tena kwangu. Didas alilitia motoni likalainika, akalikata kwa patasi ya baba, akafunga, na injini ikaacha kugonga.

Jumapili, tarehe 20 Septemba 1953, kigari chekundu kilipanda Pugu kwa dakika mbili na nukta arobaini na nne, kikashinda magari yote, likiwemo la yule Mzungu, na Noorali alipopewa kikombe hakukishika, alimwita Didas kwa jina lake kamili mbele ya umati akampa yeye. Ovaroli, hadi leo hatujaiona.

Ushindi ule ulimpa hamu moja tu, cheti cha serikali cha ufundi, daraja la kwanza, kiandikwe kwamba Didas Mrope ni fundi wa injini. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, akaniletea mie, msomi wa familia, niijaze. Kwenye nafasi ya kazi, niliogopa. Nilifikiri ofisini watasema huyu Mwafrika anajikweza, watatupa karatasi, nikaandika msaidizi. Mwaka 1954, 1955 na 1956 akaitwa kupimwa kama msaidizi, akapewa kuvalisha matairi na kupiga grisi, mtu aliyeiongezea injini pumzi kwa patasi, na kila mara alirudi bila cheti akisema haidhuru, mwakani nitakwenda tena.

Marehemu alianza kuugua kifua Novemba 1956, akalazwa hospitali ya serikali, akafariki Jumanne, tarehe 4 Juni 1957, saa tisa alasiri, nikiwa nimemshika mkono. Siku tatu kabla yake nilijaribu kuungama, nikashindwa kuanza, akanianzia yeye, akasema ile fomu aliiona mezani kwa mtahini mwaka wa pili tu, Kiingereza chake kilitosha kusoma lile neno moja, lakini aliona nikijua kwamba anajua nitaumia bure, akatabasamu, akaniambia kaka, siku ya kunisoma mbele ya watu usikosee tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Temeke mliolala msibani, Mzee Pyarali na mafundi wenzake wote, na Mama Shahbanu ambaye sinia lake bado liko kazini. Tutakapofika makaburini Chang'ombe mtasikia gari likiwashwa langoni, msishtuke wala msiseme ni utovu wa adabu, ni Noorali, marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba.

Na kwenye karatasi hii, mahali pa kazi, nimeandika kwa mkono wangu, na seremala ameshachonga hivyo hivyo kwenye msalaba: Didas Albano Mrope, fundi wa injini.

Pumzika, mdogo wangu. Safari hii sikukosea.