Papa Musoni na Bakuli la Les Grillons

Tarehe 31 Agosti 2015 Bwana Musoni Kizito, fundi mkuu wa sauti wa Redio Mshumaa, anastaafu baada ya kutumikia miaka kumi na minane na miezi tisa kasoro siku mbili. Hizo siku mbili nimeziandika kwa sababu angezidai mwenyewe. Ni mtu ambaye waya ukizidi kidole kimoja anaukata, ukipungua anakununia mpaka jioni. Sote tunamwita Papa Musoni, mkurugenzi pia, ingawa mkurugenzi amemzidi umri.

Alifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, Novemba 1996 akitokea Uvira, Congo, na mke wake Mariette na watoto wawili. Tarehe 2 Desemba akaajiriwa. Siku hizo redio yetu ilikuwa gari moja lenye spika mbili juu, likizunguka Juru na vijiji vya jirani kutangaza chanjo, mgao wa chakula na watoto waliopotea. Spika moja ilikuwa imekufa na breki zilikuwa njiani kufa. Spika aliifufua kwa kipande cha spoku ya baiskeli. Breki alisema ni kazi ya Mungu, na kwa kweli Mungu aliifanya. Tuliposimamisha mnara Mbarara mwaka 1999, yeye ndiye aliyepanda kufunga nyaya, akiimba njia nzima, akashuka akituambia upepo wa kule juu unaweza kukunyoa ndevu bure.

Lakini wasikilizaji wanamjua zaidi kwa kipindi cha Bendi Yako, kilichozaliwa Aprili 2001. Kila Jumamosi saa tisa alasiri wapenzi wa bendi za zamani hukusanyika katika darasa moja pale Juru, na kila mmoja huitetea bendi ya ujana wake. Tunarekodi mabishano, tunayapeleka Mbarara, yanasikika Jumapili. Mzee Rugamba, mkulima wa mahindi, haambiliki kuhusu Orchestre Tonnerre Bleu ya Bukavu. "Bale batoto balikuwa banapiga gitaa mpaka batu banasahau kula!" husema, na mate yanaruka. Yudita, mwenye duka Rwekubo, Mnyankore aliyezaliwa Kabingo, humjibu kwa ajili ya Mbarara Silver Sparks: "Nyinyi watu ya Congo munapenda kelele tu. Sparks walikuwa wanavaa suti, bwana!" Siku moja mzee Rugamba alivua kiatu atuonyeshe namna mpiga ngoma wa Tonnerre Bleu alivyokanyaga jukwaa. Kiatu kile hakijaonekana hadi leo.

Kura za kipindi ni ubunifu wa Papa Musoni. Karatasi zilikuwa adimu na wengi hawapatani na kalamu, kwa hiyo tunapiga kura kwa maharage. Kila bendi ina bakuli lake nyuma ya shuka. Unaingia peke yako na harage moja ulilotoka nalo nyumbani, unaliacha unakopenda, unatoka. Mimi nakaa mlangoni na ubao; kila anayeingia namchorea mstari. Papa Musoni anahesabu mbele ya watu wote, kisha maharage yanakwenda kwenye sufuria ya mpishi wetu, Mama Nyirabizimana, na waliotembea kutoka mbali wanakula kabla ya kurudi makwao.

Wafanyakazi hatupigi kura. Hata hivyo tulimruhusu Papa Musoni aweke bakuli la bendi yake, Les Grillons d'Uvira, vijana wa suruali za pate-elefa, zile pana miguuni, waliopiga roki miaka ya sabini na ambao hawakuwahi kurekodi hata wimbo mmoja. Hakuna aliyewajua. Mpiga besi wao alikuwa Bienfait, mdogo wake Papa Musoni. Oktoba 1996, familia ikiwa inakimbia vita, Bienfait aligeuka njiani akachukue gitaa lake lililobaki parokiani. Alisema, "Mutangulie, nitabakuta." Hakuwakuta.

Sasa naomba mnivumilie, kwa maana wasifu wa watu wengine huwa hauna sehemu kama hii.

Jumamosi tatu za mwanzo Les Grillons ilitangazwa sifuri. Nilimwona Papa Musoni kila anapoinama kwenye lile bakuli, uso unamshuka, nami nikaumia sana. Jumamosi ya nne, kabla ya watu kuingia, nilitia humo harage langu moja la njano, nililonunua dukani kwa Yudita. Nilifanya hivyo Jumamosi saba. "Les Grillons, moja," alitangaza, na baada ya hapo akaanza kuja na shati lililopigwa pasi na kukagua nyuso za watu, uso baada ya uso. Hapo nikaingiwa na hofu. Alikuwa anaamini kwamba kuna mtu mle ndani aliyemjua Bienfait na hataki kusema. Nikaacha mchezo ule mara moja, bila kumwambia mtu.

Jumamosi iliyofuata alitangaza moja. Na iliyofuata, moja.

Nilijiambia analitia mwenyewe, maskini. Kisha Julai 2003 malaria ikamlaza, nikahesabu mimi. Mistari ubaoni ilikuwa sitini na mmoja. Maharage yalikuwa sitini na mawili. Ndani ya bakuli la Les Grillons palikuwa na harage moja jekundu lenye doa jeupe mgongoni. Nililishika. Lilikuwa baridi na limelowa maji, kiangazi kile, chini ya bati, sisi wote tukitokwa jasho. Nilimwonyesha Mama Nyirabizimana, ambaye kwao ni milimani juu ya Uvira. "Hii ni ya kwetu kule juu, fasi ya baridi," aliniambia. "Huku haizaake." Alikataa kulitia sufuriani, akanawa mikono mara mbili. Nilimpelekea Papa Musoni kitandani. Alilipokea kama mtu anayepokea barua aliyoitarajia. Alipopona akalipanda nyuma ya nyumba yake pamoja na mengine ya aina hiyo aliyokuwa ameyaweka kwenye mkebe wa maziwa. Yote yaliota, yakachanua maua mazuri ajabu. Maganda yalikuwa matupu.

Tulijaribu kila njia. Tulikagua viganja mlangoni, tukahama darasa, tukafunga madirisha, tukabadilisha bakuli. Niliwahi kukaa nyuma ya shuka mwenyewe, nikiwa nimekodoa macho saa nzima, na sikuona mtu akikaribia bakuli lile. Tulipohesabu, lilikuwamo. Wapenzi wa bendi wakazoea. Wanaweza kubishana mpaka wakauke makoo, lakini zamu ya Les Grillons ikifika, darasa zima linanyamaza lenyewe, na Yudita anaishika rozari yake ndani ya mkoba akidhani hatumwoni.

Mwaka 2009 familia ya Papa Musoni ilipata nafasi ya kwenda kuishi Kanada. Aliwasindikiza mpaka Mbarara, akapakia mabegi kwenye basi moja baada ya jingine, akawabusu watoto, akabaki amesimama chini. Alisema hawezi kuondoka wakati kuna mtu anaendelea kupiga kura. Baada ya mwezi Mariette alipiga simu ofisini akanikuta mimi. "Sidonie, mama, ni nini inamushika kule?" Nilimwambia sijui. Huo ndio uongo mbaya kuliko wote nilioutamka maishani, na mimi ni mtangazaji.

Kwa miaka sita nimekula chakula nikijua kwamba mtu ametengana na mke wake kwa sababu ya harage la njano nililolianzisha mimi. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuandika ukurasa huu wa kumuaga, mwanzoni mwa mwezi, nilimpelekea kwanza yeye, nimeandika kila kitu. Alisoma polepole. Halafu akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Ile yako ya njano? Nilikuwa nampa kuku!"

Kicheko kikakatika. Akaniambia kwamba harage jekundu lilikuwamo tangu Jumamosi ya kwanza kabisa. Zile Jumamosi tatu alilifutika mfukoni akatangaza sifuri, kwa kuwa hakujua awaambie nini watu. Uso ule ulioniumiza haukuwa wa huzuni. Alikuwa anaogopa. Langu lilipotokea ndipo alipopata njia ya kusema "moja" bila kumtisha mtu yeyote, na nilipoacha, akaendelea kusema moja, kwa kuwa ilikuwa kweli. Jamani! Miaka yote hiyo nilijilaumu kwa kitu ambacho sikukifanya. Nilishusha pumzi, kisha nikakumbuka kwamba basi jekundu kuna aliyelitia, nikaomba nikae.

Karatasi za safari zilimrudia tena mwaka huu, na alikuwa amezilaza mezani bila saini. Jumamosi ya tarehe 22 Agosti alihesabu kwa mara yake ya mwisho kama mfanyakazi. Mistari arobaini na minane, maharage arobaini na manane. Bakuli la Les Grillons lilikuwa tupu. Alilipindua, akalipapasa kwa vidole ndani na nje, akainua shuka, akatazama chini ya meza. "Sifuri," alisema, akakaa sakafuni akalia mbele ya watu wote. Mzee Rugamba, ambaye hajawahi kuisifia bendi yoyote isipokuwa yake, alichuchumaa kando yake akamshika bega. "Ndugu yako amekuachilia. Wende kwa bibi yako, Papa." Jumatatu asubuhi karatasi zilikuwa na saini. Ndege yake ni tarehe 10 Septemba.

Anatuachia mitambo inayofanya kazi, mafundi wanne aliowafundisha kwa ukali na kwa mapenzi, na masanduku ya kanda za mabishano ambayo hakuna chuo kinachoweza kuyafundisha. Kwa niaba ya Redio Mshumaa na wapenzi wote wa Bendi Yako, tunasema asante, asante tena, na tunamwomba Mama Mariette atusamehe kwa kumchelewesha.

Kazi ya kuhesabu nimeachiwa mimi. Jumamosi iliyopita, tarehe 29, nilihesabu kwa mara ya kwanza, wakati yeye yuko Mbarara akinunua sanduku la safari. Matokeo nimeyaandika kwenye daftari, na daftari nimelifungia kabatini.

Papa Musoni, utausoma ukurasa huu ukumbini, kisha utageuza shingo kunitafuta, nakujua. Usiniulize. Ukiniuliza nitasema sifuri, mbele ya mkurugenzi na mbele ya mchungaji, na wewe utaipokea sifuri hiyo, utamaliza soda yako, na utapanda ndege. Tunakuombea uzee wenye afya, nyumba yenye joto, wajukuu wenye kelele, na Jumamosi za kulala mchana. Nenda kwa walio hai, Papa. Bakuli nitalitunza mimi.

Sidonie Kabanyana
Mtangazaji, Redio Mshumaa