Vitabu Mia Mbili na Kumi na Vinne vya Bi Glenys

Ijumaa, tarehe 27 Juni, Bi Glenys Hebblethwaite atastaafu baada ya kuitumikia maktaba ya mji wetu wa Ashgarth kwa miaka arobaini na moja. Mimi ndiye mdogo kuliko wote kazini. Nilimaliza shule mwaka jana tu, na wenzangu wamenipa kazi ya kuandika haya kwa hoja kwamba mtu asiyeongea sana lazima ana akiba ya maneno. Nitajaribu.

Bi Glenys alianza mwaka 1984 akigonga mihuri ya tarehe, akapanda ngazi hadi kuwa mkuu wa maktaba. Katika miaka hiyo yote amekuwa mkali kwa miavuli inayochuruzika na kwa watu wanaokunja pembe za kurasa. Kimya ni sheria kwake, isipokuwa mbele ya rafu moja karibu na dirisha la kaskazini. Hapo ndipo zinapokaa riwaya za kuchekesha, nyingine zina umri wa miaka tisini, na hapo kucheka ni ruhusa. Anakijua kila kicheko cha mji huu. Bi Doreen Sugden hucheka kama birika linaloanza kuchemka. Bwana Eli Murgatroyd hatoi sauti kabisa, ila mabega yake hutikisika mpaka kofia inahama.

Bi Glenys hamwulizi msomaji anapenda nini. Humwuliza wiki yake imekwendaje, kisha huenda rafuni. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa nikija hapa saa ya chakula cha mchana, nikiogopa ukumbi wa shule. Siku moja aliniwekea kitabu mezani. "Soma hiki, mwanangu. Usipocheka kufikia sura ya tatu, nirudishie nikuombe radhi."

Ndani yake bwana mmoja anatumia kurasa tisa akijaribu kuaga kwenye karamu ya chai bila kumwudhi mwenyeji, na mwishowe anajikuta amekubali kulala hapo hadi Jumanne. Sikufika sura ya tatu. Nilicheka, nikaziba mdomo, nikacheka tena. Fedha zilizomo kitabuni hazitumiki siku hizi, na nyumba kubwa za namna ile zimekwisha kuwa hoteli, lakini aibu ya bwana yule ilikuwa aibu yangu hasa. Nadhani ndiyo sababu vitabu hivi havichakai. Vinatuonyesha watu ambao hata nguo zikishika moto wataanza kwa kuomba samahani, na vinatucheka bila kutuchukia.

Sasa nieleze yaliyotokea Machi, maana bila hayo wasifu huu hautakuwa wa kweli.

Wasomaji wetu wazee wana desturi ambayo haijaandikwa popote. Ukimaliza kitabu, unafungua ukurasa wa kumi na saba na kuweka alama yako ndogo ya penseli, ili mwakani usikiazime tena kwa kusahau. Alama ya Bi Doreen ni birika, ya Bwana Eli ni mguu wa kuku. Bi Glenys alijifanya haoni. Isitoshe, kila Jumatano alibeba kikapu cha vitabu hivyo hadi kwa wasioweza kutoka nyumbani, nao wakapitishiana wao kwa wao, jirani kwa jirani. Hakuandikisha hata kimoja, wala vile ambavyo wazee walijichukulia rafuni. Kwake, kumdai mzee au mgonjwa kadi ya maktaba ilikuwa ukosefu wa adabu.

Kwa hiyo kompyuta ilipoulizwa, ilijibu kwamba vitabu mia mbili na kumi na vinne vya rafu ile havijaazimwa kwa miaka miwili, na kanuni inataka viondolewe. Bwana Nigel Tattersall wa halmashauri akaja na orodha.

Bi Glenys angeweza kunyamaza, akastaafu na jina safi. Badala yake alifungua ukurasa wa kumi na saba wa kitabu cha kwanza, wa pili, wa tatu, akamwonyesha birika na miguu ya kuku.

"Kwa hiyo umekuwa ukiazimisha bila kuandikisha?" Bwana Tattersall aliuliza.

"Ndiyo."

"Na umewaacha watu wachore vitabu vya umma?"

"Kwa penseli, Bwana Tattersall. Sisi si washenzi."

Bwana Tattersall aliandika kwa muda mrefu. Uamuzi ukatoka: vitabu vinasomwa, hilo limekubaliwa, lakini vimechorwa, na kitabu kilichochorwa kimeharibika, na kilichoharibika huuzwa. Bi Glenys akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Mchana ule tulimwona akila mkate wake bila kitabu mbele yake. Hatukujua pa kuangalia.

Jumamosi ya mauzo foleni ilifika hadi kwa mwoka mikate.

"Yaani Glenys, unaniuzia vitabu nilivyosoma mara nne?" Bwana Eli alinung'unika, amekumbatia kumi na viwili.

"Lipa, Eli, usizibe njia."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu maktaba inapokea vitabu vya msaada, kama kawaida. Soma tangazo mlangoni, au macho nayo yamestaafu?"

Jumatatu vilirudi mia mbili na kumi na kimoja. Tuliviandikisha upya kama zawadi za wananchi, na kwa zawadi kanuni haisemi lolote kuhusu penseli. Kati ya vitatu vilivyobaki, kimoja kilizama bafuni kwa Bi Doreen, anayeapa kwamba sura ya tano ndiyo ya kulaumiwa. Cha pili Bwana Eli hajakimaliza. Cha tatu alikinunua Bwana Tattersall mwenyewe, na tulipotaka kumpigia simu, Bi Glenys alitukataza. "Mwacheni. Akicheka atakileta."

Rafu sasa itakaguliwa kila baada ya miaka miwili. Kikapu cha Jumatano nimekabidhiwa mimi, pamoja na kifaa cha kuandikishia. Bi Glenys amekataa saa ya ukutani tuliyotaka kumnunulia. Ameomba tu kila atakayekuja kumuaga aondoke na kitabu kimoja, kilichoandikishwa.

Asante, Bi Glenys, kwa kuliweka jina lako rehani kwa ajili ya kicheko chetu. Tunakutakia siku ndefu, magoti yasiyouma, na mvua ya kukutosha kusoma.