Mwalimu Nyasani na Somo Alilolifundisha Akiwa Migombani

Mwalimu Walter Nyasani anastaafu tarehe 15 Desemba 1978, baada ya kukitumikia chuo chetu cha biashara hapa Kisii kwa miaka kumi na sita. Aliingia akiwa na nywele nyingi na baiskeli moja. Baiskeli bado anayo.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimeliendesha lori la chuo muda wote huo, na kwa sababu walimu wenzake walisema wana kazi nyingi. Kazi yenyewe ni chai, nimewaona. Mkuu wa chuo ameniambia niandike kwa heshima. Nitaanza aya inayofuata.

Mwalimu alizaliwa upande wa Ogembo, katika nyumba ya Waadventista wa kweli, wale ambao Ijumaa jioni hata jiko linaogopa kuwaka. Alifundisha shule ya msingi, akaenda Nairobi kusomea uhasibu na uendeshaji wa ofisi, akarudi na vyeti na tai mbili. Chuo kikampa hatimkato na barua za biashara. Alizifundisha vizuri, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayekula chakula cha hospitali.

Mwaka 1965 aliiomba bodi imruhusu kuanzisha somo jipya kwa wanafunzi wa mwaka wa pili: jinsi ya kuendesha mashirika yasiyotafuta faida. Yaani kanisa, zahanati ya harambee, chama cha akina mama, shule ya kijiji. Alisema nchi nzima imejaa harambee, na kila harambee ina mwenyekiti anayefikiri ni shamba lake. Bodi ikakubali, nadhani kwa sababu ilikuwa karibu saa ya chakula.

Wanafunzi waliliita Somo la Hasara. Wazazi wao walikuwa wameuza ndizi na ng'ombe ili watoto waje wajifunze kutajirika, sasa hapa yuko mtu mwenye tai anawafundisha namna ya kutopata kitu. Kijana mmoja wa Nyamira alinyoosha mkono siku ya kwanza akauliza, "Mwalimu, na wewe ukitufundisha hili, mshahara unachukua?"

"Kidogo," Mwalimu akasema. "Kaa chini."

Kila mwaka alianza kwa swali moja: mwenye kanisa ni nani? Mmoja husema ni pasta. Mwalimu huuliza, pasta akihamishwa analibeba? Mwingine husema ni aliyetoa kiwanja. Huyo amekufa. Mwishowe mtu wa nyuma husema ni la Mungu, na Mwalimu hujibu, "Sawa, basi niambie, paa likivuja Mungu atamtuma nani aitishe kamati?" Hapo Waadventista hutazama chini, Wakatoliki hutazama juu, na somo huwa limeanza.

Mitihani yake nayo ilikuwa na sumu. Swali moja lilisema: shirika lako limemaliza kazi ambayo lilianzishiwa, utafanya nini? Wanafunzi walijaza kurasa wakipanua shirika, wakinunua gari, wakifungua tawi Ogembo. Jibu alilotaka lilikuwa neno moja: nitalifunga. Karatasi zilirudi nyekundu kama shamba lililolimwa jana.

Sasa nieleze mambo ya mwaka 1968, maana bila hayo somo hili lingekuwa limezikwa zamani na Mwalimu angekuwa anastaafu leo kama mzee wa hatimkato.

Mwaka huo bodi ilichoka. Wakasema chuo ni cha biashara, si cha sadaka. Mkaguzi angekuja kutoka Nairobi mwisho wa muhula aone kama somo lina maana. Akisema halina, linafutwa, na Mwalimu anarudi kwenye barua za "tumepokea yako ya tarehe fulani". Mwalimu hakulala vizuri muhula ule. Nilijua kwa sababu alianza kunisalimia mara mbili asubuhi moja.

Akaamua wanafunzi wakafanye kazi ya kweli. Kulikuwa na kijiji mbele ya Nyakoe, upande wa kwenda Nyamira, jina lake nalificha kwa kuwa wenyewe bado ni wakali. Watu walikuwa wanajenga zahanati kwa harambee. Serikali iliwaahidi muuguzi mmoja, na mfadhili mmoja aliwapa mabati ya paa moja. Kuta ndizo zilizokwama. Kamati ilikuwa imechanganya Waadventista na Wakatoliki: Jumamosi hawa wanasali, Jumapili wale wanasali, na siku za katikati kila mtu ana chai yake ya kuchuma.

Mwalimu akawatuma wanafunzi wakaisaidie kamati. Mimi niliwapeleka kwa lori. Yeye mwenyewe alibaki chuoni. "Nendeni wenyewe, mjifunze," alisema, kwa sauti ya mtu mwenye falsafa. Tulimwamini. Hatukukumbuka kwamba mke wake, Persis, alizaliwa kijiji kilekile.

Wanafunzi wakaongozwa na dada mmoja anaitwa Bochaberi, mwenye akili kali na viatu vya kuazima, na Zachariah, mrefu, mwenye haraka. Zachariah alikuwa amesoma katika darasa lingine kwamba ushindani huongeza kazi. Akasema, kwa nini tunahangaika? Tugawe kamati mbili. Waadventista wajenge upande huu wa barabara, Wakatoliki upande ule, tuone nani ana bidii.

Jamani. Kama kuna mahali duniani hupaswi kuwaambia Waadventista na Wakatoliki washindane, ni Gusii. Mawe yalitembea. Wazee ambao hawakuinua jembe tangu uhuru walionekana wamebeba mchanga. Jumamosi upande mmoja unanyamaza na wa pili unapiga nyundo kwa makusudi, Jumapili ni kisasi. Wanafunzi walirudi chuoni wakiimba ndani ya lori. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha.

Shida ni kwamba zilikuwa za nyumba mbili.

Mwalimu alipoelezwa, alivua miwani. "Mmefaulu sana," akasema. "Mabati ni ya paa moja, muuguzi ni mmoja, na ninyi mna zahanati mbili. Mtamkata huyo muuguzi wapi, kiunoni?"

Zachariah akajibu taratibu, "Mwalimu, labda ungekuja wewe uzungumze nao."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kamati ya Waadventista ilipojitenga ilihitaji mwenyekiti mpya, na ilimchagua Mzee Ombati. Mzee Ombati ni baba yake Persis.

Wageni wa hapa wajue kwamba sisi Abagusii tuna chinsoni, haya ya heshima kati ya mtu na wakwe zake. Mbele ya baba mkwe hubishi, hutanii, hupandishi sauti. Na mambo ya uzazi hayatajwi kabisa, hata kwa kuzunguka. Sasa mkutano uliopangwa ulikuwa wa kuamua ni jengo gani lipate paa ili wanawake wapate mahali pa kuzalia. Mwalimu angesema nini pale? Angefungua kikao kwa kikohozi na kukifunga kwa kikohozi.

Siku ya mkutano ndiyo siku aliyofika Mkaguzi kutoka Nairobi. Alikuwa na suti ya kijivu na daftari lake. Nilimweka mbele ya lori pamoja na Mwalimu, ambaye sasa hakuweza kukataa kuja, wanafunzi nyuma. Tulipofika Mzee Ombati alikuwa tayari amekaa mbele kabisa na fimbo yake. Mwalimu alimwona. Akasema anaenda kidogo kuangalia gurudumu. Akaangalia gurudumu kwa mbali sana, ndani ya shamba la migomba.

Watu wakamngoja Mwalimu afungue kikao. Hakuna. Bochaberi akasimama, akasema basi tuanze.

"Sisi ndio tulianza kujenga," akasema Mzee Ombati.

"Mlianza?" Huyo ni Mzee Okemwa, mwenyekiti wa Wakatoliki, mtu wa mdomo. "Ninyi Jumamosi mlikuwa mnakoroma hekaluni!"

"Na ninyi mlikuwa mnapiga mabirika ili tusisikie mahubiri!"

"Zilikuwa nyundo, mogaka, mzee wangu. Huwezi kujua sauti ya nyundo, hujawahi kuishika."

Watu wakacheka, na Ombati akainuka nusu. Bochaberi akapiga meza iliyokuwa kreti ya soda. Akauliza swali dogo: maji yako upande gani? Mama Mong'ina, mkunga aliyewapokea duniani nusu ya waliokaa pale, akasema kisima kiko kwa Okemwa, kila mtu anajua, na kwamba yeye hajawahi kuona mtoto anayezaliwa na mabati akaacha maji.

Basi ikawa wazi. Paa liende kwa Okemwa. Wakatoliki wakaanza kushangilia, na hilo ndilo lilikuwa kosa, kwa sababu Mzee Ombati alisimama mzima akapaza sauti: "Mkwe wangu yuko wapi? Ndiye mwalimu wa hawa watoto. Aje aseme mbele yangu kama hivi ndivyo anavyowafundisha!"

Kila kichwa kikageukia migombani. Jani moja likatikisika.

Nawaambia, hata mimi niliacha kutafuna muwa. Akitoka na kuwaunga mkono wanafunzi, amemvua baba mkwe nguo mbele ya kijiji, na Persis atajibu nini nyumbani kwao? Akimuunga mkono mzee, somo linakufa palepale mbele ya daftari la Mkaguzi. Akitoka tu, hata bila kusema, amekwisha.

Zachariah alikimbia migombani. Akarudi akihema, akasema kwa heshima, amepiga goti: "Tata, baba yetu, Mwalimu anasema hawezi kuja. Anasema yeye hana kiti katika kamati hii. Wenye zahanati ni ninyi."

Mzee Ombati akamtazama Okemwa. "Umesikia? Kijana wangu ana adabu. Anajua mahali pake pa kukaa." Akalivuta koti lake. "Sasa mimi niliyempa mke nitakosa adabu kuliko yeye? Wekeni mabati yenu huko kwenye maji. Nyumba yetu tutaiezeka nyasi, wakae ndani ndugu wa mgonjwa wakingoja. Lakini Okemwa, nikisikia nyundo Jumamosi..."

"Hutaisikia. Na wewe Jumapili?"

"Tutaona."

"Utaona nini, mogaka?"

"Sawa, sawa! Jumapili pia."

Zahanati ilimalizika polepole sana, maana sasa zilibaki siku tano tu za kupiga misumari. Lakini ilimalizika, na muuguzi alifika akiwa mzima, hajakatwa.

Mkaguzi alimwuliza Bochaberi nani alikuwa msimamizi wa mambo yale yote. Bochaberi akafikiri. "Bwana, sijui," akasema. Mkaguzi akaandika. Kisha akaingia migombani, akamkuta Mwalimu amechuchumaa, shati jeupe limejaa utomvu ambao hautoki hata kwa maombi.

"Kwa hiyo hii ndiyo njia yako?" akauliza. "Unaondoka ili waamue wenyewe?"

Sasa, mtu wa Nairobi utamwambiaje kwamba unamkimbia baba mkwe? Mwalimu Nyasani akasimama, akajifuta mikono. "Ndiyo, Bwana," akasema. "Ndiyo njia yangu."

Somo likabaki. Mkaguzi alilisifu, bodi ikabadilika rangi, na mwaka uliofuata Mwalimu alikuja na mhadhara mzima juu ya kiongozi anayejua kuondoka. Ameufundisha tangu wakati huo kwa uso mkavu. Nimekaa na jambo hili miaka kumi na sasa nimelisema. Atanisamehe, au hatanisamehe, yote mawili nitayavumilia.

Wale aliowafundisha wako kila mahali. Wako waweka hazina wa makanisa, makatibu wa vyama vya akina mama, wakuu wa shule za harambee Kisii na Nyamira. Zachariah anauza saruji na anatajirika sana, kila darasa lina mmoja. Bochaberi alirudi chuoni akiwa mwalimu, na kuanzia Januari somo ni lake. Mwalimu alilipigania hilo mbele ya bodi mwaka mzima, safari hii akiwa ndani ya chumba.

Wiki iliyopita nilikuwa naosha lori karibu na darasa lake. Ilikuwa kipindi chake cha mwisho. Wanafunzi walikuwa wanabishana juu ya mwenye shule ya kijiji, wazazi au kanisa, meza zinapigwa, mtu anamwambia mwenzake akae chini. Mlango ukafunguka polepole, Mwalimu akatoka na chaki mkononi, akaufunga bila sauti. Akaja akasimama kando yangu. Nilimwuliza kama wamemfukuza.

"Hawajaona," akasema.

Tulisikiliza mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyechungulia nje kumtafuta. Mwalimu alikuwa anang'aa kama bwana arusi.

Asante, Mwalimu Nyasani, kwa somo ambalo halikumtajirisha mtu na ambalo tumelila wote. Chai yako istawi, ndizi zako zisiibiwe, na Persis akuvumilie mchana kutwa, kazi ambayo sisi tulikuwa tunalipwa kuifanya. Nenda nyumbani kwa amani. Huku wanabishana vizuri.