Sheria ya Majina ya Kocha Clémence

Wasikilizaji wapendwa, kitu cha kwanza nilichokiona kwa Kocha Clémence Bulonza ni miguu yake. Alisimama mguu mmoja umekunjwa, mwingine umenyooka, kama mtu aliye kwenye mteremko. Hata sebuleni. Hata kanisani. Alizaliwa Cimpunda, mahali nyumba zimeng'ang'ania kilima, na miguu yake haikusahau.

Kocha Clémence ametutoka akiwa na miaka arobaini na mitatu. Tumemzika Jumamosi. Mimi ni Gisèle, niliyekuwa kipa wake. Leo nawasimulia jinsi mchezo wa watoto ulivyomfanya awe kocha. Kaeni karibu na redio, maana huyu mama hakujua kwenda polepole!

Alikuwa na miaka tisa. Watoto wa njia yao walicheza mpira wa sashi, mifuko ya plastiki, iliyofungwa kwa kamba za mgomba. Chini ya njia kulikuwa na korongo. Pasi ikikosea, mpira unabingirika, unaingia korongoni, na ugomvi unaanza: nani ashuke? Siku moja ulianguka mara tatu. Clémence akapanda juu ya jiwe akatunga sheria. Kabla mpira haujatoka mguuni, taja jina la atakayeupokea. Usipotaja, unashuka korongoni wewe mwenyewe.

Kaka yake mkubwa, Papa Stanislas, alimcheka. Nilimkuta kwenye kilio, akaniambia: "Nilimuuliza, weye mutoto mudogo, nani alikuweka chef, mukubwa wetu? Basi ile siku nilishuka mara ine. Matope mpaka mu magoti. Kesho yake nilikuwa naita majina sawa padiri anabatiza."

Baada ya wiki mbili mpira haukuanguka tena. Miaka tisa, wasikilizaji wapendwa! Hakuna aliyemtuma.

Alipokuwa mtu mzima alikusanya wasichana wa mtaa. Uwanja hatukuwa nao, kwa hiyo akatufundisha kwenye njia ileile, kwa sheria ileile. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, shule niliiacha mwaka wa nne wa primaire. Wenzangu wote waliita majina. Mimi sikuita. Nilidaka vizuri, lakini mdomo ulifungwa. Sauti ilifika kooni ikarudi.

Ikaja fainali ya mashindano ya wasichana, miaka kumi iliyopita. Tukapelekwa kwenye uwanja ulio sawa. Sawa kabisa! Hatukuwahi kucheza mahali mpira hauteremki. Tukawa tunapiga pasi kwa woga, kidogo kidogo, kama kwetu, na mipira ikafia katikati. Watu wakacheka. Mmoja akatuambia tupige tu, hapa hakuna ravin, yaani korongo. Kisha msichana wa timu pinzani akapita nyuma ya beki wetu Ornella, akamnyang'anya mpira, akafunga. Pale pale wakampa Ornella jina: Mulango Wazi.

Wakati wa mapumziko, Kocha aliwaambia wengine wapige kwa nguvu, ardhi haitawaibia mpira. Halafu akachuchumaa mbele yangu.

"Gisèle, nani anaonaka uwanja yote?"

Nikasema ni mimi.

"Wenzako hawana macho mu mugongo. Macho yao ni weye. Sasa utanyamaza mpaka lini?"

Kipindi cha pili kikaanza. Nikaudaka mpira, nikafungua mdomo: "Ornella!" Sauti ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nilishtuka. Ornella akageuka, akapokea, akamwita Tatiana, mshambuliaji wetu. Tatiana akapiga bila kuogopa mteremko wowote. Goli! Nikaita tena, nikaita mpaka koo likakauka. Dakika ya mwisho, Tatiana tena. Mbili kwa moja! Kocha aliingia uwanjani mbio, magoti yamekunjwa, kama anashuka Cimpunda.

Sauti hii mnayoisikia leo redioni ilizaliwa siku ile.

Kwa Papa Stanislas na familia yote ya Bulonza, tunawapa pole. Tunalia pamoja nanyi. Na sisi tuliobaki, tufikirie kabla ya kufukuza watoto wanaopiga kelele njiani. Pengine mmoja wao yuko juu ya jiwe, anatunga sheria.

Nimebakiza neno moja. Ornella, najua unanisikiliza huko Mumosho, ulikoolewa. Miaka kumi watu wanakutania Mulango Wazi, nami nacheka nao. Lile goli la kwanza, nilimwona yule msichana akija nyuma yako. Jina lako lilikuwa mdomoni mwangu. Nikalimeza. Kocha alijua, kwa sababu alikuwa ananitazama mimi, si mpira, na hakunisema kwa mtu mpaka akafa. Kwa sheria yake, asiyetaja jina anashuka.

Ornella, ni mimi. Leo nashuka.